Tanzia Bila Maiti

Juma lililopita binti yake Mwalimu Zakaria alinipigia simu kutoka Homa Bay. Baba amepumzika, akasema, na familia imekubaliana kwamba mimi ndiye nitakayeandika tanzia ya gazetini. Nikampa pole, nikamuuliza mwili uko wapi na mazishi ni lini, nikaandika yote nyuma ya kalenda, kisha nikamsomea tena neno kwa neno nisije nikazika mtu siku isiyo yake. Simu ilipokatika nikabaki na lile neno mkononi kama chenji usiyoielewa. Tanzia. Wasomaji wa leo wanalijua: kisanduku chenye mistari myeusi pembeni, picha ya mzee aliyevaa tai, na majina ya wajukuu mpaka pumzi inaisha. Mimi nililifahamu kwa mlango mwingine, na kwa mlango huo neno hilo nusura limfukuzishe kazi huyu huyu marehemu.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na meza sokoni Suna, mjini Migori, samaki wakavu upande mmoja, sabuni za mche upande wa pili, vikitazamana bila kupendana. Ukoo wangu nauruka, wenyewe wanajijua. La kujua ni kwamba niliacha shule darasa la tano, kwamba nilihesabu kila kitu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho huhesabu kile yanachotaka, na kwamba nilitamani, kwa njaa ambayo sikumwambia mtu, kufanya mtihani wa shule ya msingi na kupata cheti chenye jina langu. Shule za kawaida hazikumtaka mwanamke mwenye meza sokoni. Mahali pamoja tu palinikubali: stoo iliyokuwa nyuma ya duka la nguo la Mzee Athumani. Humo, kila siku saa tisa alasiri, Mwalimu Zakaria alifundisha watu wazima kumi na mmoja ambao zamu yao ya shule ilikuwa imewapita.

Stoo ile bado naiona nikifumba macho. Marobota ya kanga yalifika darini, na harufu ya wanga wa nguo mpya ilikuwa nzito hata ungeweza kuikunja. Dirisha lilikuwa moja. Ubao tuliuegemeza kwenye cherehani iliyokufa. Mzee Athumani alikuwa mtu wa Pwani, amekuja Migori na mzigo wa nguo wakati mji wenyewe ukiwa maduka ya kuhesabika, na hakuona sababu ya kurudi. Saa kumi kamili aliingia na birika la chai ya tangawizi na sinia la mahamri kumi na mawili, moja kwa kila mwanafunzi na moja la Mwalimu. "Kuleni, wanangu," alisema. "Kichwa chenye njaa hakishiki herufi." Halafu alibaki mlangoni akisikiliza, akijifanya anapanga nguo.

Mwalimu Zakaria mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Alikuwa mtu wa kwetu, ila amefanya kazi ya ukarani wa posta huko Bukavu, na jioni akasomea ualimu. Fujo za Kongo zilipoanza alitoka na sanduku moja tu. Vyeti vyote vilibaki nyuma. Kilichofika nyumbani ni kitabu kimoja cha Kifaransa, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, na jina la mwandishi likawa limekwenda na kurasa hizo. Kwa mtu anayetafuta kazi ya ualimu, huko ni kuchagua vibaya. Afisa wa elimu Homa Bay, ambako ndiko kulikuwa makao ya wilaya yetu wakati huo, alimwandikia barua ya wazi: mwalimu bila vyeti simwandiki, lakini nakupa muhula mmoja. Nionyeshe darasa lako linazaa nini. Nisipoona kitu, hiyo stoo irudi kuwa stoo.

Mwalimu alitusomea barua ile bila kupepesa macho. Hakuna aliyegusa mahamri siku ile, na mimi nikajua kwamba stoo ikifungwa, cheti changu kimekwisha hapo.

"Tutacheza mchezo," akasema Mwalimu. Akainua kile kitabu kisicho na jalada. "Mtu anayeweza kusimama mbele ya watu akasema mistari mia bila kukosea, ataogopa mtihani gani?"

Ulikuwa mchezo wa kale, wa enzi za wafalme wa Ufaransa waliovaa nywele za bandia, kama miaka mia tatu nyuma. Watu wale, alivyotueleza, walikuwa na masharti kuliko mama mkwe. Mambo yote yatokee katika siku moja, mahali pamoja, na liwe jambo moja tu. Damu isionekane. Mtu akifa, afie ndani, halafu atoke mjumbe aje asimulie, na watazamaji wakae kimya wakisikiliza. Tena maneno yote yapangwe katika mistari ya silabi kumi na mbili, sita, pumua, sita. Alitumia mahamri kutuonyesha. Alipanga sita huku, sita kule, na kidole chake katikati ya sinia. "Hapa ndipo mtu anapovuta pumzi," akasema. Opiyo, fundi wa baiskeli, akanyoosha mkono akala silabi ya tatu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mji umezingirwa na maadui. Mfalme ameapa mbele ya watu wote kwamba yeyote atakayefungua lango atakufa kabla jua halijazama. Asubuhi lango linakutwa wazi. Aliyelifungua ni binti yake mwenyewe, kwa sababu alimsikia mchumba wake akilia nje, amejeruhiwa. Basi. Kuanzia hapo mpaka machweo watu wanaingia na kutoka wakisema maneno mazuri, na hakuna anayepata njia.

Mimi nilikasirika kama mtu aliyepunjwa.

"Kwa hiyo siku nzima mfalme anajua ni mtoto wake," nikasema, "na hakuna anayemwambia ashuke kidogo? Amfukuze mwaka mmoja. Amnyang'anye ng'ombe."

"Ameapa, Adoyo."

"Hata mimi huapa, Mwalimu. Kila siku sokoni naapa kwa mama yangu kwamba siwezi kushuka hapo. Halafu nashuka."

Darasa likacheka. Mwalimu akangoja kicheko kiishe. "Akishuka, atamwambia nini yule atakayefungua lango kesho? Mfalme ana haki. Na binti ana haki, maana aliyekuwa nje alikuwa anavuja damu. Ndiyo maana inauma. Hakuna mwizi humu ndani. Wote wana haki."

Nimeishi na jibu lile miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume. Nimeliona katika mashamba ya ndugu, katika ndoa za watoto wangu, hata bungeni: watu wawili wenye haki, kila mmoja amesimama juu ya bei yake ya mwisho. Kabla ya stoo ile nilidhani mambo yakiharibika lazima yupo tapeli. Ilinibidi nijifunze kutoka kwa Mfaransa asiye na jina kwamba mji mzima unaweza kuangamia bila tapeli hata mmoja, ila tu amekosekana mtu wa kusema, haya, tukutane katikati.

Kazi ya kuutia mchezo katika Kiswahili Mwalimu aliianza mwenyewe, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, na Mzee Athumani alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni kama mtu anayeng'olewa jino. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, samahani sana. Hayo maneno ni mazuri, lakini hayana mizani. Shairi bila mizani ni domo tu. Huyu binti Adoyo ana ulimi, mpe yeye. Mimi nitampimia." Nikakubali papo hapo. Kesho yake nikaja na mizani yangu ya kupimia samaki, mawe na yote, nikaiweka mezani. Mzee Athumani akaisogeza kando. "Mwanangu," akasema, "mizani ni hizo silabi." Hata leo watu wa Suna waliokuwepo hunisalimu kwa kuniuliza kilo moja ya shairi ni ngapi.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Neno "mfalme" lina mizani ngapi? Mwalimu alisikia mbili, fal na me. Mzee Athumani alisikia nne, m, fa, l, me, na akaapa kwamba hata herufi l ina haki yake. Mimi nikapendekeza tatu. Mzee alikataa kwa heshima zote, na tukaishia nne, maana yeye ndiye mwenye masikio. Kwa hivyo mfalme wetu akawa mzito kuliko yule wa Kifaransa. Kila alipotajwa alikula theluthi ya mstari. Shida nyingine ilikuwa midomo yetu. Sisi wa ziwani herufi ya "sh" hutuponyoka. Opiyo, ambaye ndiye aliyekuwa Mfalme, alikuwa akinguruma, "Mimi sujaa, sitasindwa!" na Mwalimu akimrudisha, "Shujaa, Opiyo. Shujaa." "Ndiyo hiyo nimesema, Mwalimu. Sujaa." Binti Mfalme alikuwa Akinyi, mshonaji, msichana mtulivu mwenye shingo ndefu, ambaye sauti yake ilifanya hata makosa yangu yaonekane yamekusudiwa. Mimi nilichukua Mjumbe, yule anayekuja na habari ya kifo. Nilihesabu mistari yake. Ilikuwa arobaini na sita. Nikahesabu tena, ikawa arobaini na sita.

Kilichobaki ni jina la kuutangaza. Mwalimu alimuuliza Mzee Athumani mchezo wa kifo huitwaje kwa Kiswahili safi. Mzee akafikiri. "Mchezo sijui. Lakini habari ya kifo sisi twaiita tanzia." Mwalimu alilipenda neno lile kama mtu aliyeokota pete. Akachukua karatasi tatu, na kwa mwandiko wake wa posta, mzuri kuliko chapa, akaandika: TANZIA. BINTI MFALME. JUMAMOSI SAA KUMI ALASIRI, NYUMA YA DUKA LA MZEE ATHUMANI. WOTE MNAKARIBISHWA. Moja ikabandikwa mlangoni pa duka, moja kwenye mashine ya kusaga, moja kwenye mlango wa kanisa ili wasiojua kusoma wasomewe, na afisa naye akaandikiwa barua aje. Sote kumi na mmoja tulilisoma tangazo lile. Nataka ijulikane kwamba tulilisoma na tukajipongeza.

Jumamosi saa tisa na nusu nilichungulia dirishani nikaona akina mama wanaingia uani wamebeba kuni. Nikadhani wanapita. Wakaja wengine na unga, wengine na vyungu, mmoja na kuku, na wote walikuwa wamefunga leso kiunoni kwa namna ya kwendea matanga, ambayo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mbele yao alikuwa Min Ochola, yaani mama yake Ochola, mjane mwenye kifua kipana. Hakuna aliyezikwa upande ule wa mto bila yeye kumlilia kwanza. Niliwasikia wakinong'ona kwa Kijaluo chini ya dirisha.

"Huyu Mfalme ni yupi?"

"Si yule mwenye duka Rongo? Au huyo ni Meshaki?"

"Kama kaalika watu wote basi ana kitu. Maiti iko wapi?"

"Ndani. Si unaona mlango umefungwa?"

"Na huyo aliyejifunga blanketi jekundu na kofia ya karatasi?"

"Huyo ndiye baba. Muache. Huzuni imemchanganya."

Nikamvuta Mwalimu dirishani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Lazima tuwaambie," akasema. "Ni haki yao." Lakini Landrova ya afisa ilikuwa imeshaingia uani. Afisa alikuwa mgeni katika wilaya, hakujua neno hata moja la Kijaluo. Alitazama umati ule, akatabasamu, akaketi kwenye kiti alichotandikiwa kitambaa na Mzee Athumani. "Ukiwaambia wataondoka," nikamnong'oneza Mwalimu, "naye atabaki na viti vitupu. Mjini watu wote wana haki, si ulitufundisha? Sasa twende." Sijivunii. Lakini ningesema tena vilevile.

Kwa saa mbili walikaa kimya, kwa adabu ile ya watu wanaosikiliza hotuba matangani. Opiyo alinguruma. Akinyi aliomba msamaha bila kuomba msamaha, kama kitabu kilivyotaka, kisha akaingia ndani kwenda kufa, na mlango ukafungwa. Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la mabati. Nikatoka, nikapiga goti mbele ya Opiyo, nikavuta pumzi, nikasema mstari niliouhangaikia wiki mbili:

"Mfalme wangu, mwanao hayuko."

Sita, pumzi, sita. Sikupata nafasi ya mstari wa pili. Min Ochola aliruka kama aliyechomwa, mikono kichwani, akapiga nduru ambayo naamini iliwainua ndege wa Mto Migori. Wote wakafuata. Kwetu habari ya kifo haisikilizwi kwa kukaa. Ikifika na wewe usipopiga nduru, watu wataanza kukuuliza ulikuwa wapi jana. Wakazunguka uwanja wakikimbia na kurudi, wakimwita binti yule kwa sifa walizomtungia hapo hapo, ua la Rongo, nyota ya mama yake, na Opiyo katikati, kofia imepinda, akilia machozi ya kweli. Masharti yote ya Kifaransa yalikanyagwa mavumbini. Nikamtazama Mwalimu mlangoni. Alikuwa ameshika kitabu kifuani kama mtu aliyeokoa kitu kimoja motoni. Nikamtazama afisa. Alikuwa amesimama, mdomo wazi, na sikuweza kujua kama ni hasira.

Nilikuwa na mistari arobaini na mitano mkononi na sokoni pamechafuka. Nikafanya ninachojua kufanya sokoni pakichafuka: nikanyamaza, nikabaki nimepiga goti, nikangoja mnunuzi aje mwenyewe. Na kweli, nduru ikapungua, Min Ochola akaja mpaka mbele yangu, akainama na kuuliza kwa Kijaluo, kama anavyoulizwa kila aletaye habari, "Nyathina, mwanangu, alikufaje?"

Nikamjibu kwa Kiswahili changu kilichopimwa:

"Hakulia hata, hakuomba maji."

"Aaii!" wakaitikia wote.

"Alikuwa wapi?"

"Alishika lango kwa mikono yote."

"Kwa mikono yote!" wakarudia. "Na hakuna aliyemzuia? Wanaume walikuwa wapi? Huyu baba yake alikuwa wapi?" Min Ochola akamgeukia Opiyo. Opiyo akarudi nyuma hatua mbili. Nikaendelea hivyo, swali na mstari, swali na mstari, na ajabu ni kwamba kila alichouliza yule mama, Mfaransa alikuwa amekijibu; ilinibidi tu niruke huku na kule katika mistari kulitafuta jibu. Nilipofika kwenye jua likizama, lilikuwa linazama kweli. "Jua likachwea, akasema: Baba." Hapo hakuna aliyepiga nduru. Watu wote walinyamaza, kile kimya ambacho Mwalimu alikuwa amekiombea muhula mzima, na kikadumu mpaka dereva wa afisa alipopiga honi kwa kuogopa mvua. Afisa akampa Mwalimu mkono, akaondoka. Onyesho la mwisho, mfalme akiwa peke yake na kiapo chake, halikuchezwa kabisa.

Ndipo Akinyi akafungua mlango akatoka, anatafuna.

Sitaandika yote yaliyosemwa. Min Ochola alimshika mabega, akamgusa mashavu, akamnusa. "Huyu ni mzima," akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Yaani nimekausha koo bure?" Mwalimu akaja mbele, akaomba msamaha kwa kila mtu, kwa Kijaluo kizuri, akaeleza neno tanzia na kosa lake. Kisha mama mmoja akaanza kucheka, akakaa chini akicheka, na kwa kuwa kuni zipo, unga upo na kuku yupo, wakapika. Akinyi alikula paja matangani kwake mwenyewe. Kila mama alipopita alimgusa mkono kuhakikisha. Mimi nilihesabu wale akina mama wakila: arobaini na watatu. Nikarudia: arobaini na wanne, mmoja alikuwa ameinama akinyonyesha.

Wiki iliyofuata tuliitwa Homa Bay. Ofisi ya afisa ilitazama ziwa, ilikuwa na feni isiyozunguka na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Mwalimu alivaa koti lake la pekee na alikuwa ameniambia njiani kwamba atasema kila kitu kama kilivyokuwa. Hakupewa nafasi.

"Nimeona michezo mingi ya shule," akasema afisa. "Wanasimama kama nguzo za simu. Lakini ile kwaya yenu ya waombolezaji! Mliwafundisha kwa muda gani?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nikamkanyaga kiatu.

"Wamekuwa wakijifunza tangu usichana wao, bwana," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Na wote ni wa darasa hili? Maana vyeti vyako, Mwalimu, tutaviandikia huko Bukavu, na wakati tunangoja unaweza kuendelea. Tatizo ni idadi. Chini ya watu thelathini siruhusiwi kuliandikisha darasa."

"Thelathini wapo, bwana," nikasema. "Na wa ziada."

"Basi mwisho wa mwezi nitakuja kuwahesabu mwenyewe."

Tulikwenda kwenye kibanda karibu na gati, tukaagiza samaki aina ya ngege, wa kukaanga, na ugali. Mwalimu hakugusa chake. Meli ilikuwa inapakia pamba, na wapakiaji walikuwa wanatukanana kwa furaha.

"Umedanganya, Adoyo."

"Nimewahi tu. Ni ukweli ambao haujafika."

"Mimi si mtu wa hivyo. Nitarudi pale nimwambie wako kumi na mmoja."

"Ukimwambia, umekuwa kama yule mfalme wako. Utakuwa na haki, na sisi kumi na mmoja tutakufa kabla jua halijazama. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nikikosa hao watu, nitakuja mimi mwenyewe kumwambia kwamba nilisema uongo, na jina liwe langu."

Alimgeuza ngege wake upande huu, kisha upande ule. Sijawahi kuona mtu akipigana hivyo na samaki mbele yake. Mwishowe akamega ugali. "Mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Siku moja zaidi, hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akipunguza bei.

Nilianza na Min Ochola, maana yeye akija wengine watakuja, na akikataa nirudi kuuza sabuni. Nilimkuta akianika mtama. Nikamweleza shule ya watu wazima, kusoma barua za watoto walio Nairobi, kutoibiwa kwenye mizani. Alinisikiliza akitandaza mtama kwa mguu.

"Mimi mzee," akasema. "Hiyo kalamu nitaishika na mkono gani? Wacha hayo. Wewe niambie kitu kimoja. Ile siku gari liliharibu maneno. Yule mfalme, baada ya mtoto kufa, alifanywa nini?"

Nilikaribia kumwambia. Maneno yalikuwa ulimini kabisa, mistari thelathini na miwili. Nikayameza.

"Imeandikwa kwenye kitabu, mama."

"Si uniambie!"

"Siwezi. Njoo usome mwenyewe."

Alinitazama vile ninavyomtazama mteja anayeondoka nikijua atarudi. "Wewe mtoto ni mbaya," akasema, na akaendelea na mtama wake. Nikaondoka bila kugeuka. Nyumba zote nilizopita wiki hiyo niliwaambia hivyo hivyo.

Cheti changu nilikipata baadaye, na kingine juu yake, na watu hudhani hiyo ndiyo habari yenyewe. Mimi ninapoukumbuka mwaka ule naikumbuka Jumatatu moja. Mwalimu alikuwa amesema kwamba wakija wapya, ataniachia mimi niwafundishe, kwa sababu yeye hana lugha ya watu wa kuuliza bei. Nilifungua stoo mapema, nikasukuma marobota mpaka ukutani, nikapiga ubao maji. Saa tisa hapakuwa na mtu. Saa tisa na robo waliingia wale kumi wenzangu, wakakaa. Halafu mlango ukajaa. Walikuja na leso zao kiunoni, wakiwa na watoto mgongoni, wakitazama dari, wakigusa kanga na kuuliza yadi ni ngapi. Nilihesabu darasa zima, na mimi nikiwemo: thelathini na watatu. Nikahesabu tena, thelathini na watatu. Mzee Athumani alichungulia na sinia lake la mahamri kumi na mawili, akageuka, akaenda kukanda unga mwingine.

Min Ochola alikaa mbele kabisa, juu ya robota, miguu imetandazwa.

"Haya, mwalimu," akaniambia, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. "Tumekuja. Mfalme alifanywa nini?"

Nikachukua chaki. Nikaandika herufi moja pana katikati ya ubao, m, na kuwaambia kwamba mfalme anaanzia hapa, na kwamba kutoka hapa mpaka mwisho wake ni mbali kidogo lakini tutafika.

Min Ochola aliinuka, akaja mpaka ubaoni, akaikagua ile herufi kwa karibu, akiifuata kwa kidole, mara moja, mara mbili.

"Ana miguu mitatu," akasema, akiwageukia wenzake. "Mitatu! Na alishindwa kukimbia kumwokoa mtoto?"